Nairobi na Meli Zilizozama

Hotuba iliyotolewa Nairobi mbele ya wanafunzi wa sheria na wapenzi wa historia ya bahari, ikaandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Mwenyekiti, walimu wetu, wazee wangu mliotoka Pwani na mliotoka Ziwani, mabibi na mabwana,

Huenda baadhi yenu mmejiuliza ni kwa nini mtu aje kuzungumzia meli katika mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mji ambao bwawa lake kubwa limemezwa na magugu. Jawabu langu ni kwamba jina la Nairobi linatajwa baharini kila siku, na wanaolitaja ni mabaharia, mawakala wa meli na makampuni ya bima ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga hapa. Tarehe 18 Mei 2007, mkutano wa kidiplomasia ulioitishwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini na kufanyika katika ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri ulipitisha Mkataba wa Kimataifa wa Nairobi kuhusu Uondoaji wa Mabaki ya Meli. Ilichukua karibu miaka minane kabla ya nchi za kutosha kuuridhia, ukaanza kutumika tarehe 14 Aprili 2015. Tangu hapo, nahodha wa meli ya makontena anayetia nanga Singapore au Rotterdam hubeba chomboni hati ya bima yenye jina la mji wetu.

Nimekuja kuusifu mkataba huo kwanza, kisha nionyeshe ni vyombo gani umeviacha nje, kwa sababu vilivyoachwa nje ndivyo vinavyotuhusu zaidi sisi watu wa Afrika Mashariki.

Zamani, meli ilipozama mbele ya maji ya mipaka ya nchi, yaani zaidi ya maili 12 za baharini kutoka pwani, nchi jirani haikuwa na mamlaka yaliyo wazi ya kumwamuru mwenye meli aondoe mabaki yake, hata kama yalikaa katikati ya njia ya meli nyingine au yalivuja mafuta kuelekea ufukweni. Mwenye meli naye aliweza kuwa kampuni ya jina tu, iliyosajiliwa katika kisiwa cha mbali na isiyo na mali nyingine ila hiyo hiyo iliyokwisha kwenda chini. Mkataba wa Nairobi uliziba pengo hilo. Unaipa nchi mamlaka hadi mwisho wa ukanda wake wa kiuchumi wa bahari, maili 200 kutoka pwani, na unambebesha mwenye meli aliyesajiliwa gharama za kuyatafuta mabaki, kuyawekea alama na kuyaondoa, bila nchi kulazimika kuthibitisha kwamba alizembea. Kila meli ya tani 300 za ujazo au zaidi ni lazima iwe na bima au dhamana ya fedha kwa ajili ya kazi hiyo, na nchi iliyoathirika inaweza kumdai mwenye bima moja kwa moja badala ya kumfukuza mwenye meli kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Walioandika mkataba walikuwa watu wanaoijua bahari. Mabaki, kwa mujibu wao, ni pamoja na kontena lililoanguka kutoka sitahani na sasa linaelea bila taa, na pia meli ambayo bado haijazama lakini ambayo kwa akili ya kawaida itazama au itapwelewa isiposaidiwa. Mambo ya kupima kabla ya kuyaita mabaki kuwa ni hatari yameandikwa waziwazi: kina cha maji, kupwa na kujaa, wingi wa meli zinazopita, shehena iliyomo, kiasi cha mafuta kilichobaki ndani ya matangi, ukaribu wa maeneo ya uvuvi na ya viumbe wanaohitaji kulindwa. Nimesoma sheria nyingi za bahari zilizoandikwa kana kwamba meli ni kabati la ofisini. Hii si mojawapo.

Sasa nije kwenye vilivyoachwa nje. Manowari na meli nyingine za serikali zisizofanya biashara haziguswi na mkataba, isipokuwa serikali yenyewe iamue kuutumia kwa meli zake. Mwenye meli huachiliwa gharama pia akithibitisha kwamba ajali ilitokana na kitendo cha vita. Chombo cha chini ya tani 300 hakidaiwi bima, na humo ndimo zilimo takriban boti zote za wavuvi wetu. Tena mkataba ni wa bahari, kwa hiyo meli iliyolala chini ya Ziwa Victoria au Ziwa Tanganyika haiujui kabisa. Ukiyaweka haya pamoja utaona kwamba sheria yenye jina la Nairobi haiwezi kuzigusa meli nyingi ambazo watu wa Nairobi, Kisumu, Mombasa na Kigoma wana habari nazo.

Wakili atanijibu kwamba kila sheria ina mpaka wake, na atakuwa amesema kweli. Ninalopinga mimi ni dhana iliyo chini ya mipaka hiyo, kwamba chombo kina aina moja ya kudumu: hiki ni cha uvuvi, hiki cha vita, hiki cha abiria. Historia ya vyombo haiendi hivyo. Chombo kimoja huzaliwa mvuvi, kikafa askari. Na mfano ulio bora kuliko yote ni meli ya kuvulia kwa nyavu za kukokota, ambayo kuanzia sasa nitaiita trola.

Trola za mvuke zilianza kuenea katika bandari za mashariki ya Uingereza, kama Grimsby na Hull, tangu miaka ya 1880. Zilikuwa meli fupi, nzito, zenye omo iliyoinuka ili kukabiliana na mawimbi ya Bahari ya Kaskazini, na zenye winchi ya nguvu ya kuvuta nyavu kutoka chini ya bahari. Mwaka 1907 jemadari mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Lord Charles Beresford, alitoa shauri kwamba meli hizi zingefaa kuondoa mabomu yanayotegwa baharini, na mwaka uliofuata trola mbili za Grimsby, Andes na Algoma, zikafanyiwa majaribio. Shauri lake lilikuwa na mantiki ambayo mvuvi yeyote angeielewa. Bomu la wakati ule lilifungwa kwa kamba ya chuma kwenye uzito uliolala chini ya bahari, likaelea likiwa limefichika kidogo chini ya uso wa maji. Trola mbili zilikwenda sambamba zikiburuta waya mrefu kati yao. Waya ulinasa kamba ya bomu na kuikata. Bomu likaibuka juu, na baharia akalipiga risasi kutoka mbali. Kazi hiyo ilihitaji meli yenye winchi, yenye nguvu ya kuvuta, na watu waliozoea kuburuta kitu wasichokiona. Wavuvi walikuwa navyo vyote vitatu tangu awali, na jeshi likawaongezea bunduki na mshahara, ambao kwa habari zilizopo haukuwa wa kujivunia.

Katika vita vyote viwili vikuu mamia ya trola zilichukuliwa na serikali ya Uingereza, na nyingine zikajengwa kwa ajili ya jeshi moja kwa moja lakini kwa ramani ile ile ya meli ya uvuvi. Katika vita vya pili makao ya mabaharia wa trola hizo yalikuwa Lowestoft, Uingereza, na hapo umesimama ukumbusho wenye majina ya karibu watu 2,400 wasio na kaburi ila bahari. Mwaka 1942 Uingereza ilizikopesha Marekani trola 24 za kulinda misafara ya meli. Mojawapo, Bedfordshire, ilizamishwa na nyambizi ya Ujerumani mwezi Mei mwaka huo karibu na pwani ya North Carolina, na hakuna hata mtu mmoja aliyeokoka. Maiti nne zilizoletwa na mawimbi zilizikwa katika kisiwa cha Ocracoke, katika kipande kidogo cha ardhi ambacho wenyeji wanakitunza hadi leo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ulitokea Ghuba ya Aden. Mwezi Juni 1940, siku chache tu baada ya Italia kuingia vitani, nyambizi ya Kitaliano iliyoitwa Galileo Galilei ilikuwa ikiwinda meli katika maji hayo na ilikwisha kuzamisha meli ya mafuta ya Norwei. Tarehe 19 ilikutana na trola ya Kiingereza, Moonstone. Nyambizi ilikuwa kubwa kuliko trola na ilikuwa na mizinga zaidi, lakini mitambo yake ya kupoza hewa ilikuwa imevuja sumu ikawadhoofisha mabaharia, hivyo ikalazimika kupigana juu ya maji. Risasi za Moonstone ziliwaua nahodha na maofisa wengi juu ya sitaha, na nyambizi ikasalimu amri. Ikavutwa mpaka Aden na nyaraka zake zikiwa ndani. Hebu fikirini: meli ya kuvulia samaki imeteka nyambizi. Mwanasheria angeiandika Moonstone katika daftari gani, la wavuvi au la manowari?

Trola nyingine ya vita, Rosalind, inatugusa hapa nyumbani. Vita vilipokwisha ililetwa Mombasa, mnamo 1946, ikawa chombo cha kikosi cha wanamaji wa akiba kilichokuwa kimeundwa Kenya tangu miaka ya 1930. Mapema miaka ya 1950 kikosi hicho kiligeuzwa kuwa Jeshi la Majini la Kifalme la Afrika Mashariki, la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, na Rosalind ndiyo iliyokuwa meli ya kufundishia vijana wetu kushika usukani na kusoma ramani ya bahari. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962. Jeshi la Majini la Kenya likaundwa tarehe 12 Desemba 1964, na miaka miwili baadaye likapokea boti zake za doria, Simba, Chui na Ndovu. Ukifuata ukoo wa jeshi letu la majini, basi, utafika kwenye ramani ya meli ya samaki kutoka Bahari ya Kaskazini. Sijui kama wanajeshi wanapenda kukumbushwa jambo hilo. Mimi naliona ni la heshima.

Trola hazikuisha katika maji yetu. Katika Ghuba ya Ungwana, ambako Mto Tana na Mto Sabaki humwaga tope na rutuba, meli za kukokota nyavu zimekuwa zikivua kamba kwa miongo kadhaa, zikigombana na wavuvi wadogo ambao nyavu zao za jarife huchanwa na meli hizo na samaki wao wachanga kuzolewa pamoja na kamba. Uvuvi huo ulisimamishwa mwaka 2006 ukaruhusiwa tena 2011 kwa masharti, likiwamo la kukaa mbali na ufuko. Ugomvi wenyewe unastahili hotuba yake. Nimeutaja tu ili msidhani kwamba trola ni habari ya kale.

Nirudi Nairobi. Nimesema tuko mbali na bahari, lakini meli zimepita hapa, tena kwa reli. Reli ilifika Ziwani, Kisumu ya leo, Desemba 1901, na baada ya hapo meli za ziwa zilikuja kwa njia moja: zilijengwa Paisley, Scotland, na kampuni ya Bow, McLachlan, zikafungwa kwa bolti ili kuhakikisha kila kipande kinaingia mahali pake, zikafunguliwa tena, kila bamba likapewa namba, zikapakiwa melini hadi Mombasa, na kutoka Mombasa zikapanda behewa hadi Kisumu kupitia mji huu. Kule ziwani mafundi waliziunganisha upya kwa misumari ya ribiti iliyochomwa moto hadi ikawa myekundu. Ndivyo zilivyokuja Clement Hill, Nyanza, na mnamo 1913 Usoga, meli ya abiria na marobota ya pamba. Reli ndiyo iliyozimiliki, na abiria aliweza kutoka gari moshi akaingia melini bila kubadili mwenyeji.

Usoga haikupata muda mrefu wa amani. Vita vya kwanza vilipozuka meli za ziwa zilipachikwa mizinga, na mwezi Juni 1915 Usoga na wenzake walibeba askari kutoka Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba, iliyokuwa ya Wajerumani. Vita vilipokwisha ikarudi kwenye pamba na abiria, ikaendelea hivyo kwa miongo mingi, mpaka ilipoondolewa kazini ikaishia kuzama nusu mwili bandarini Kisumu, bomba la moshi likiwa juu ya magugu. Meli ya biashara, meli ya vita, meli ya biashara tena, kisha chuma cha kutu ambacho hakuna sheria ya kimataifa inayomwuliza mtu kukihusu, kwa kuwa kilizama ziwani badala ya baharini.

Ziwa Tanganyika lina hadithi inayoshinda hiyo. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma na kuunganishwa huko. Iliposhushwa majini mwaka 1915 vita vilikuwa vimepamba moto. Wakati huo huo manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imefichama katika delta ya Mto Rufiji baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi, na Julai 1915 nahodha wake akaamua kuizamisha mwenyewe. Ndipo mizinga yake kumi ilipoopolewa kutoka matopeni, ikawekewa magurudumu na kukokotwa bara, na mmoja ukapelekwa Kigoma ukafungwa juu ya Götzen. Mwingine upo Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus, adui wake. Götzen nayo ilizamishwa na mafundi wake wenyewe Julai 1916, lakini wale mafundi, kwa akili iliyonishangaza tangu niliposoma habari zao, waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuiachia izame. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta injini zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, ikibeba abiria, mihogo na dagaa kati ya Kigoma na vijiji vya ziwani.

Mnaona sasa ninakoelekea. Laiti mtu angeiondoa Götzen kama mabaki mwaka 1917, kwa sababu zozote nzuri za usalama wa njia, vizazi vitatu vya watu wa ziwa vingekosa meli yao. Kuondoa mabaki si jema kila mara, wala kuyaacha si ubaya kila mara. Uamuzi mzuri unahitaji mtu aijue meli yenyewe: nani aliijenga, ina nini ndani, ilibadilishwa mara ngapi, na nani amelala humo.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nichague Nairobi kwa mazungumzo haya badala ya Mombasa. Kando ya Barabara ya Ngong yapo makaburi ya vita, na ndani yake Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wenye majina ya askari ambao makaburi yao hayajulikani. Miongoni mwao wamo waliokufa katika meli ya Khedive Ismail. Meli hiyo ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa jina la Aconcagua, ikawa ya abiria ya Chile. Mwaka 1935 ikauzwa kwa kampuni ya Misri na kupewa jina jipya. Vita vilipokuja ikachukuliwa kubeba askari. Mapema Februari 1944 iliondoka Kilindini katika msafara wa meli tano za askari kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, wakiwamo 996 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana waliotoka katika nchi zetu hizi, pamoja na wauguzi na wanamaji wanawake.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Wengi walikuwa chini, ndani ya meli, wala hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi. Kisha lilifuata jambo ambalo wanahistoria wa bahari hawajaacha kulijadili: nyambizi ilijificha chini ya sehemu ile ile waliyokuwa wakielea manusura, na manowari za Kiingereza Petard na Paladin zilipoishambulia kwa mabomu ya chini ya maji, baadhi ya waliokuwa wameokoka waliuawa na mabomu ya upande wao. Nyambizi yenyewe hatimaye ilizamishwa. Kwa jumla walikufa watu 1,297. Hicho ni kimojawapo cha vifo vikubwa kabisa vya baharini vya majeshi ya Jumuiya ya Madola katika vita ile, na bado unaweza kumwuliza kijana aliyepita shule zote za Kenya, akakuambia hajawahi kulisikia jina la meli hiyo.

Je, Khedive Ismail ilikuwa meli ya biashara au ya vita? Ilikuwa na mabaharia wa biashara, ikabeba askari, na ikauawa na topido. Mkataba wa Nairobi, hata kama ungekuwapo wakati ule, ungekuta mlango umefungwa kwa sababu ya vita, na mimi sitaki mtu yeyote aende kuiondoa, kwani ni kaburi. Ninachotaka ni mahali, katika daftari la umma hapa nchini, ambapo mjukuu wa mmoja wa wale wapiga mizinga anaweza kufungua na kusoma: meli ile ilijengwa wapi, ilitoka gati gani, ilizama wapi, na kina babu walikuwa nani.

Sitakaa sana kwenye mabaki ya kale, kwa kuwa yamepata watetezi. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, wakati Waomani walipoizingira ngome, na kati ya 1977 na 1980 wapigambizi na wanaakiolojia waliichimbua kwa utaratibu. Vyombo vyake vya udongo, vya mbao na vya shaba vimo katika jumba la makumbusho la ngome. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unavilinda vitu vilivyokaa majini kwa miaka 100 au zaidi. Hesabu hiyo ni nzuri kwa Königsberg na Pegasus, ambazo tayari zimeshapita karne. Kwa Khedive Ismail, subirini mpaka 2044. Kwa MV Bukoba subirini mpaka 2096.

Nimeitaja Bukoba, nami sipendi kuipitia haraka. Tarehe 21 Mei 1996 meli hiyo ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, ikiwa imejaa kupita kiasi, na zaidi ya watu 800 walikufa. Miaka miwili kabla yake, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa kikiwa karibu na ufuko, wakafa watu 272. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, wakafa zaidi ya 220. Ukizisoma ajali hizi pamoja, unaona kisa kimoja: uzito uliozidi, watu waliokusanyika upande mmoja, na orodha ya abiria isiyolingana na abiria. Baada ya kila ajali iliundwa tume au kamati, na kila mara swali la kwanza lilikuwa gumu kujibiwa: ni nani hasa alikuwamo?

Vyombo vidogo vina shida hiyo hiyo kwa namna yake. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, na sheria za bahari zinathibitisha neno hilo kila siku. Mashua ya mvuvi wa Vanga au Kizingitini, yenye mataruma ya mti wa mkoko, iliyokalafatiwa kwa pamba na mafuta, haina bima, na mara nyingi haina karatasi yoyote isipokuwa leseni ya uvuvi, ambayo ni ya kazi na mwaka, si ya chombo. Fundi aliyeiunda anajua mbao zilitoka wapi na mkuku ulibadilishwa lini, lakini ujuzi huo uko kichwani mwake. Mashua ikiuzwa Lamu ikawa ya kubeba mchanga, kisha ikafungwa injini na kuwa ya watalii, leseni ya kwanza imekufa na hakuna anayejua kwamba chombo kilichobeba wageni kumi na wawili kiliwahi kupanda mwamba na kupasuka ubavu.

Kwa hiyo ninalopendekeza ni daftari linalofuata mwili wa chombo badala ya kazi yake. Kila chombo, kuanzia mashua yenye injini kwenda juu, kipewe namba moja itakayochongwa kwenye mkuku au kupigwa kwenye bamba, namba isiyobadilika kikibadili jina, mwenyewe, bendera au kazi. Jambo hili si geni, kwani meli kubwa za biashara tayari hubeba namba ya kudumu ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, inayobaki nayo hadi inapovunjwa. Chini ya namba hiyo yaandikwe matengenezo makubwa, ajali, na mwishowe mahali chombo kilipokwisha: kimevunjwa, kimechomwa, kimezama, kiko kina gani, kina mafuta au maiti ndani. Sheria yetu ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009 imekwisha kuweka msajili wa meli. Anachohitaji ni amri ya kushuka hadi kwenye mashua, na watu wa kutembea ufukweni badala ya kungoja wavuvi waje ofisini.

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa. Ya kwanza ni gharama, na wavuvi wataogopa kwamba kila namba ni mlango wa ushuru mpya. Hofu hiyo ina msingi, na usajili wa vyombo vidogo usipokuwa wa bure utashindwa katika mwezi wa kwanza. Ya pili itatoka kwa wanajeshi, watakaosema kwamba manowari haziandikwi katika daftari la raia. Ziandikwe zinapostaafu, basi. Mkataba wa Nairobi wenyewe, katika kifungu cha nne, unairuhusu nchi kuamua kuutumia kwa meli zake za serikali, na katika kifungu cha tatu unairuhusu kuutumia ndani ya maji yake ya mipaka. Kwa upande wa ziwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya usafiri wa Ziwa Victoria ya mwaka 2007, ambayo inaweza kufanyiwa marekebisho ili wajibu wa mwenye meli uvuke kutoka baharini hadi ziwani.

Nawaomba wanafunzi wa sheria waanze kuandika marekebisho hayo, na wapenzi wa historia waanze na daftari, kwa meli tatu ambazo karatasi zake zinaweza kupatikana katika kumbukumbu za reli, za bandari na za majeshi: Usoga, Rosalind na Khedive Ismail. Mwenyekiti, naomba kuishia hapo ili maswali yapate nafasi.